Kila Mlango Kokoto Moja

Kwa Shutu, njia ya Taru,
Alhamisi, 14 Novemba 1957

Kwa dada yangu Mwanarusi binti Iddi, Kinondo.

Shikamoo dada. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla sijatia neno jingine nataka kujua hali yako. Goti lako likoje tangu vuli ianze? Yale mafuta ya nyonyo uliyopewa na mke wa mwalimu yamekufaa, au bado unapanda kitandani kwa kujivuta? Na shemeji Alfani, kifua chake kimetulia? Na yule mbuzi wenu mwenye pembe moja, bado anakula kanga zilizoanikwa? Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mola. Homa imeondoka, chakula kinashuka, swala sikosi. Usitie shaka juu ya mwili wangu. Ni mengine yaliyonifanya nikae siku kumi na barua yako mfukoni bila kuijibu.

Nimeisoma mara nyingi mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umesema mikeka miwili imekwisha na wa tatu umebaki ukingo, na chumba cha nyuma shemeji amekipaka chokaa kwa mkono wake. Kisha umesema watu wa Kinondo wanacheka, ati yule mwanamke wa Kiduruma amemkimbia ndugu yako harusi ikiwa mlangoni. Umeniuliza kama ni kweli, na umesema kwa kuwa umesikia yuko Mkongani, siku ukienda sokoni huko utamtafuta umwambie neno ambalo hatalisahau.

Dada, usimwambie. Nakuomba kwa ziwa la mama tulilonyonya. Harusi haipo tena, hilo ni kweli. Lakini Kadzo hana kosa, na ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa hivi, ili macho yako yasikuchokeshe kabla hujafika mwisho.

Unajua nilivyokuja huku. Nilipotoka Ramisi kwenye kuhesabu magunia ya sukari, nilipata kazi ya ukarani wa reli, kazi ya miezi sita. Mlifurahi, nami nilifurahi, lakini sikupata kukueleza kazi yenyewe ilikuwa nini. Mabasi na malori ya barabara kuu yamekuwa mengi siku hizi, na wakubwa wa reli walitaka kujua soko la abiria na soko la mizigo yanakwendaje, yanakua au yanakufa, kila kituo na hali yake. Kwa Shutu ni kituo kidogo mno, mbele ya Taru. Hakina nyumba wala dirisha la tikiti, ni kibao na jukwaa la mawe tu. Watu wakipanda, gadi huwakatia tikiti ndani ya behewa, na tikiti zenyewe zimeandikwa Taru. Kwa hiyo Mombasa hawakujua kama Kwa Shutu wanapanda watu watatu au watu mia. Wakaniweka mimi na daftari na kibanda cha bati, niandike kila siku wangapi wamepanda, wangapi wameshuka, na mizigo gani. Mkaguzi, Mzungu mmoja mpole mwenye miwani, aliniambia siku ya kwanza kwamba kituo chenye watu gari litaendelea kusimama, na kisicho na watu gari litapita. Hilo sikulipata kwa uvumi, alinitamkia mwenyewe. Nililijua tangu siku hiyo.

Na gari lile ndilo lililowaweka watu hawa. Ni nchi kavu, dada, hulimi ukavuna kila mwaka. Wanaume hupeleka mbuzi Mombasa, wanawake hupeleka maziwa kwa vibuyu na makaa kwa magunia. Gari la asubuhi linawachukua, la alasiri linawarudisha na unga.

Asubuhi yangu ya kwanza nilisimama pale jukwaani na penseli. Walikuwa wengi, wake kwa waume, watoto migongoni, mbuzi kwenye kamba. Nikainua penseli nikaanza kunyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Wallahi walitawanyika kama kuku walioona mwewe! Wakaingia vichakani wote, jukwaa likabaki na mimi na magunia ya makaa. Gari lilipopiga honi wakatoka mbio kila upande, wakajitupa ndani, mimi sikupata hata nusu. Mwanamke mmoja mwenye vibuyu vinne alibaki nyuma makusudi, akanitazama toka kofia mpaka viatu, akaniuliza kama nazi za kwetu Pwani nimeshazimaliza kuhesabu hata nikaona nije kuhesabu watoto wa watu. Kisha akapanda, na behewa zima likacheka.

Huyo ndiye Kadzo.

Wewe hutawacheka, najua. Wewe unamkumbuka mama. Akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa akijibu, "Hawa hawa unaowaona," na hapo hapo anageuza mazungumzo. Unamkumbuka yule mtu wa kodi aliyesimama uani kwetu akatugusa mmoja mmoja kwa fimbo, akitutaja kwa idadi, na wiki ile ile mdogo wetu Mwanajuma akashikwa na degedege asiamke. Mwalimu alitufundisha kwamba ajali ni ya Mungu na fimbo haiui kwa kuhesabu. Nimeamini hivyo kwa ulimi. Lakini siku ile nilipoona mama mmoja anamfunika mwanawe uso kwa leso ili kidole changu kisimfikie, mkono wangu ulishuka wenyewe.

Wiki ya pili Kadzo alikuja kibandani na kaka yake, Ziro, ambaye ndiye mkubwa wa boma lao. Akasema wameona sina ubaya, ila sijui kuishi na watu. Akanieleza kwamba wazee wao wenyewe wakitaka kujua idadi, kwa mchango wa mazishi au kuchimba kisima, hawahesabu vichwa. Kila mlango unatoa kokoto moja, zinahesabiwa kokoto, na kiumbe hai hatajwi. Mlango kwao ni boma zima, baba na wake zake na watoto na wakwe. Na mbuzi ni hivyo hivyo, kamba moja ya mwenye mali mmoja ni kokoto moja, iwe imefunga mbuzi wawili au kumi na wawili. Vibuyu na magunia nihesabu nitakavyo, havina roho. Ziro akaongeza kwa mzaha kwamba nikitaka nihesabu na mashimo ya fulana yake, hayo hayana roho vilevile.

Nikakubali. Nilifurahi hata. Niliweka makopo mawili ya samli pale jukwaani, moja la watu na moja la mifugo. Kila asubuhi mkubwa wa mlango alipita akadondosha kokoto yake, ikalia ndani ya kopo, na watu wake wakapanda kwa utulivu. Gari likiondoka nakaa na kumwaga makopo. Kokoto kumi na nne, naandika kumi na nne. Kokoto tisa, naandika tisa. Karatasi zangu zilikuwa safi, hazina mfuto hata mmoja. Mkaguzi alizisifu. Na mimi niliona ninaandika kweli, kwa sababu kokoto zilikuwa kumi na nne kweli.

Ikaja Ramadhani. Kadzo hakuwa wa dini yetu, lakini alishika desturi ya kuniletea maziwa akishuka gari la alasiri. Akiniona nakitazama kibuyu alikuwa akisema, "Karani, jua bado liko juu, usije ukafuturu kwa macho." Ni mjane kama mimi nilivyo mjane, mtu wa makamo, si mzuri wa kutazamwa barabarani, ila ukizungumza naye unajiona una akili zaidi ya ulizokuja nazo. Tangu marehemu Mwanapili afariki sikuwahi kucheka peke yangu njiani. Huku nilicheka. Nilipomwambia kwamba nikimwoa itabidi asilimu, hakukataa, alitaka kwanza kuelewa. Akauliza kama Mungu wetu naye anahesabu watu. Nikasema ameshatuhesabu sote, hakuna anayempotea. Akasema basi, kama kazi imeshafanywa, yule Mzungu wa miwani anakulipia nini?

Posa niliipeleka kwa Ziro baada ya Idi kubwa, ikapokelewa, tukaweka harusi iwe baada ya Maulidi. Hayo uliyajua, na kanga ulizituma.

Mwezi wa Agosti, kazi ilipokaribia kwisha, mkaguzi alikuja mwenyewe. Alishinda nami asubuhi moja, akanywa chai yangu, akatazama daftari, akaniambia hati yangu ni nzuri na kwamba Mombasa wanataka karani wa kudumu, mwenye nyumba ya reli yenye vyumba viwili. Akapanda gari akaenda zake.

Mwisho wa Septemba ikaja barua ya chapa. Kwa kuwa hakuna mwingine anayesoma, watu walikusanyika jukwaani nikawasomea. Ilisema kwamba baada ya kuangalia kwa miezi sita mwenendo wa soko la abiria na mizigo, imeonekana Kwa Shutu kuna wastani wa abiria kumi na wanne na mbuzi tisa kwa siku, idadi isiyotosha, na kuanzia tarehe mosi Oktoba magari hayatasimama hapo. Ziro alicheka kwa nguvu. Akasema mbuzi tisa ni wale wanaomlia mkewe viazi jikoni, wa sokoni wako wapi? Watu wakacheka naye. Kisha nikaona Kadzo hacheki. Midomo yake ilikuwa ikienda, anahesabu milango kimoyomoyo, wa Ziro, wa Mwinga, wa Chome, mpaka ikafika kumi na nne. Akasema mbele ya wote, "Hizo ni kokoto zetu."

Ziro akaacha kucheka, akanitazama.

Mzee Mwinga ndiye aliyesema kwanza, kwamba mwanamke alikwenda kupatana na karani juu ya jambo la wazee, na haya ndiyo matunda. Wengine wakadakia. Kadzo alijitetea kidogo tu. Alinigeukia mimi, akaniuliza mbele yao kama nilimwambia Mzungu kwamba kila kokoto ni mlango mzima. Macho yote yakawa juu yangu. Nikasema Mzungu hakuniuliza.

Basi ikawa ni kosa la kokoto, na kokoto zilikuwa shauri la Kadzo.

Tarehe mosi walikuja jukwaani vilevile, wengi wao hawakuamini. Vibuyu vilipangwa, mbuzi wamefungwa. Gari lilitokea kwenye kona, likapiga honi, halikupunguza. Kadzo alikuwa mbele, akainua mkono. Gadi aliyezoeana naye miaka mingi alidhani anasalimiwa, akainua mkono wake naye, akacheka, akapita. Vumbi lilipotua, mtoto mmoja aliuliza kama limesahau.

Kutoka hapa mpaka Taru ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na maziwa hayangoji. Mabasi ya barabarani hayataki vibuyu wala mbuzi, na lori huja likitaka. Wiki ya pili wanawake walimwaga maziwa chini. Wiki ya tatu milango miwili ilihama. Na Kadzo akawa hachoti maji na wenzake, akifika kisimani wanaondoka, wanamwachia kamba ndani ya maji. Ziro ni mtu mwema lakini alichoka kugombana na majirani. Akaamua kumpeleka Mkongani kwa wakwe zake yeye Ziro, akalime mihogo ya watu.

Siku ya kuondoka alikuja kibandani asubuhi na kanga zako mkononi, zimekunjwa, hajazivaa hata mara moja. Nilidhani amekuja kunilaumu. Dada, alikuja kuniomba radhi. Alisema amewapoteza watu wake kwa akili yake ndogo, na kazi yangu nayo pengine ameiharibu, na mwanamke mwenye mkosi kama huo hafai kuingia nyumba ya mtu. Akasema nitafute wa kwetu Pwani, anayejua kuhesabiwa. Alijaribu kulisema hilo kwa mzaha. Akaweka kanga juu ya daftari langu akaenda.

Nilimwacha aende na lile aliloliamini.

Sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia mtu, na nimetia udhu kabla ya kuliandika. Mzungu aliniuliza. Aliniuliza mara mbili. Asubuhi ile ya Agosti alisimama jukwaani akawaona wakipanda kwa macho yake, na gari lilipokuwa bado limesimama akafungua karatasi yangu akasema, "Kibwana, hapa jana umeandika kumi na wanne, mimi leo nimeona watu kama sitini." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka kusaidiwa. Mlango ulikuwa wazi, dada, na neno lenyewe lilikuwa dogo: bwana, hizo ni kokoto, kila kokoto ni boma. Nikaona aibu. Niliona nitamwambiaje Mzungu aliyenisifu hati kwamba mimi karani, mtu mzima niliyesoma, miezi yote hii nahesabu mawe kwenye kopo kwa kuogopa kidole changu mwenyewe. Nikaona nyumba ya vyumba viwili inaondoka, na mimi nilikuwa nimeshamweka Kadzo ndani yake, nimeshaona hata upande atakaoweka vibuyu. Nikasema, "Leo ni siku ya mnada, bwana." Haikuwa siku ya mnada. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshapanda behewa akageuka tena, akaniuliza kama nina hakika, maana ataitegemea karatasi yangu. Nikasema nina hakika.

Nimesoma tangu utoto kwamba ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, nami nikidhani ni jambo la mahakamani na watu wengine. Niliutoa mchana kweupe, kwa upole, na chai yangu ikiwa bado iko kinywani mwake. Kisha nikautoa tena mbele ya watu wote, niliposema hakuniuliza. Wa kwanza uliwaondolea gari. Wa pili ulimwondolea Kadzo watu wake, na huo ndio unaoniamsha.

Nimeshawaandikia Mombasa nikawaeleza yote. Wamejibu kwa mistari miwili kwamba ratiba ya mwaka mzima imeshapigwa chapa, na kwamba ile nafasi ya karani ipo bado, niripoti tarehe mosi Disemba. Sitaripoti. Siwezi kukaa kwenye stesheni nyingine nikaandika watu.

Nimetubu kwa Mola wangu, lakini unajua kama nijuavyo kwamba haki ya mja haifutiki kwa kusali, mpaka mwenyewe uende ukamwombe. Jumanne ijayo, inshallah, nitakwenda Mkongani. Nimempelekea Ziro habari awepo, na nimemwomba amwite Mzee Mwinga na wakubwa wa milango iliyobaki. Nitasema mbele yao kwamba niliulizwa. Posa sitaitaja tena, wala sitamwomba Kadzo anirudie. Nimejiuliza kama naficha tamaa hiyo mahali, na nadhani naificha, lakini sitaitoa mdomoni. Anaweza kunisamehe, anaweza kunitemea mate. Ninachotaka ni wale wanawake wa kisimani wajue alikuwa hana kosa.

Mikeka uwape wenye shughuli. Chumba kile mkifanye ghala la nazi.

Mpe salaam shemeji Alfani, mwambie nilisikia kwamba alikipaka chokaa mwenyewe na sijui nimshukuru vipi. Wasalimu watoto, mwalimu na mkewe, na majirani wote wa upande wa kisimani. Niombee dua baada ya swala ya alfajiri, na mwombee na Kadzo, kwa jina lake.

Ni mimi ndugu yako,
Kibwana bin Iddi

Tafadhali dada, unijibu kabla ya Jumanne, unijulishe kama nikitoka Mkongani naweza kuja nyumbani kwako.